Damu Inayochelewa Kufika

Mzee alikuwa amenyoa ndevu upande mmoja tu. Shavu la kulia liling'aa, la kushoto lilikuwa na mvi zilizosimama, na mwenyewe aliketi kwenye benchi la idara ya picha hospitalini amekunja mikono, kama mtu aliyejipamba akamaliza. Inspekta aliliona jambo hilo mara ya kwanza jana, mzee alipokuja kituoni kurudia ushahidi wake, na akacheka kimoyomoyo. Kufika nyumbani kicheko kikamwishia. Mtu aliyekula ujana na uzee wake akitengeneza saa za mkono, mtu wa vijiskrubu na lenzi jichoni, atasahauje nusu ya uso wake?

Ushahidi wenyewe ulikuwa mfupi na ulitosha kumfunga mtu maisha. Mwanawe mkubwa, kifungua mimba wake, alikutwa chumbani kwake amepigwa kisogoni kwa pasi ya chuma. Mzee alikuwa sebuleni mchana kutwa, macho makavu, na hakuna njia ya kwenda chumba kile isipokuwa kwa kukatiza sebule. Aliapa kwamba aliyepita ni mmoja tu: mke wa marehemu, aliyeingia kwa mlango wa mbele na kikapu cha sokoni, akakaa humo chumbani, kisha akatoka. Mwanamke alisema alimwacha mumewe akivua viatu. Hakuna aliyemwamini. Alikuwa mahabusu, na siku hiyohiyo faili lake lilikuwa linasubiriwa kwa mwendesha mashtaka. Mkuu wa kituo alishapiga simu kuliulizia, na hakuanza kwa salamu.

"Afande, unamdhalilisha baba yangu," alisema mwana mdogo wa mzee. Nyumbani walimwita Kitindamimba, na jina lilikuwa halijambanduka ingawa alishaanza kuota kipara. "Mtu kafiwa, badala ya kumwacha apumzike unamburura hospitali."

"Nimemleta kwa gari. Sijamburura."

"Unamtafutia yule mwanamke tundu la kutokea."

"Kama tundu lipo, sikulitoboa mimi."

Mzee alikohoa kwa dharau. Yeye ndiye aliyekubali kuja, na alikubali kwa kiburi. Alimwambia Inspekta mbele ya askari wote: nipeleke kwa hao madaktari wako, wakikwambia niko timamu uniombe radhi hadharani.

Daktari wa picha alitoka akiburuta kandambili. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyekatizwa usingizi, na polisi hakuwapenda hata kidogo.

"Picha ya kwanza haina kitu," alisema. "Hakuna damu iliyovuja, hakuna nyama ya ubongo iliyokufa."

Kitindamimba alipiga makofi. "Haya! Ubongo wa baba mzima. Twende zetu."

"Nimesema mzima?" Daktari alimgeukia. "Nimesema picha haina kitu. Usinitilie maneno mdomoni. Ile inanionyesha nyumba imesimama. Hainiambii kama bomba lina maji. Nataka ya pili, ya kuangalia damu inavyofika. Tunamtilia dawa mshipani, tunaifuata ikipita kichwani."

"Hatutaki."

"Sijakuuliza wewe. Mzee, unataka?"

"Piga," mzee alisema. "Piga mpaka mashine ichoke."

"Na wewe, afande, sikia. Huyu ni mgonjwa wangu. Si kielelezo chako cha mahakamani. Nikiona unamsumbua, mlango ni ule."

Inspekta alimeza hilo. Alishamezeshwa makubwa zaidi asubuhi ileile.

Kabla ya dawa kuna maswali. Daktari aliuliza kuhusu figo, kuhusu vyakula vinavyomkataa, kisha akauliza mzee anatumia vidonge gani. Mzee akachomoa kibao cha vidonge kutoka mfuko wa shati.

"Hivi, vya uchovu. Lakini vimekwisha. Kila siku namwambia kijana vimekwisha, haninunulii vingine."

Daktari alikigeuza kibao mkononi. Safu ya kulia ilikuwa imetobolewa yote. Safu ya kushoto ilikuwa kamili, haijaguswa.

"Nani alikwambia ni vya uchovu?"

"Mwanangu. Nilianguka bafuni, mkono ukafa ganzi, kisha ukarudi. Akanipeleka zahanati. Mimi nilikaa benchi, yeye akaingia kuzungumza na daktari. Akatoka akasema ni uchovu, nimeze hivi."

"Hivi ni vya kuzuia damu kuganda," daktari alisema polepole. "Hupewa mtu aliyepigwa kiharusi kidogo, na akipewa huambiwa aende akapimwe mishipa ya shingo. Ulipimwa?"

"Mzee anachanganya mambo," Kitindamimba alidakia. "Umri huo, daktari."

"Dakika chache tu zilizopita alikuwa timamu," Inspekta alisema. "Ulimpigia makofi."

Kitindamimba alimtazama kwa jicho ambalo, lingekuwa kisu, lingemchanja.

Wakasubiri majibu ya figo. Daktari alivuta karatasi tupu na kalamu, akaviweka mbele ya mzee.

"Nichoree uso wa saa. Namba zake zote."

Mzee alicheka kwa mara ya kwanza. "Unamwambia samaki aogelee." Akachora duara kwa mkono mmoja, bila kusita, duara ambalo bikari ingelionea wivu. Akaanza kumi na mbili, moja, mbili. Alipofika sita chini hakupanda upande wa pili. Aliendelea kubana namba palepale kulia, saba juu ya tano, nane juu ya nne, mpaka kumi na moja ikakosa pa kukaa na kuangukia nje ya duara. Nusu ya kushoto ilibaki nyeupe.

"Hiyo saa ungeiuza?" daktari aliuliza.

"Hata kwa mfalme."

Dada anayeendesha mashine aliziba mdomo. Askari aliyesimama mlangoni alitazama chini. Inspekta alimtazama Kitindamimba, na hapo ndipo mambo yalipoanza kunuka. Mtoto anaona baba yake, fundi saa ambaye mtaa mzima unamjua, ameshindwa kuchora saa. Angepiga kelele, angelia, angebisha. Kitindamimba alikuwa anatazama dirishani, kama mtu anayesimuliwa hadithi aliyokwisha kuisikia.

Majibu ya figo yakaja salama. Mzee akalazwa kwenye kitanda cha mashine, na dada akamchoma sindano ya mpira mkononi. Inspekta alikuwa karibu zaidi, akamwambia, "Pole, mzee wangu, haitachukua muda." Mzee hakujibu wala kugeuka. Jana angesema ni jeuri. Mzee alimfanyia hivyohivyo kituoni na yeye akaiweka moyoni. Sasa alijitazama aliposimama. Alikuwa kushoto.

Kitindamimba naye aliingia kumuaga baba. Mlango ulikuwa upande wa kushoto wa kitanda, na hapo palikuwa na nafasi ya kutosha. Hakusimama hapo. Alizunguka miguuni, akapishana na chuma cha kutundikia dripu, akajipenyeza mpaka kulia, ndipo akainama na kusema, "Baba, niko hapa."

"Nakuona, mwanangu."

Inspekta aliliweka jambo hilo mahali pake.

Nyuma ya kioo, mashine ilianza kunguruma. Safari hii kitanda hakikutelezeshwa mbele na nyuma. Kilitulia, na mashine ikapiga mahali palepale, tena na tena, huku dawa ikipanda shingoni na kuingia kichwani. Kompyuta ilichukua picha zile zote ikazipaka rangi. Upande mmoja wa ubongo ukaja mwekundu na njano. Upande wa pili, kuelekea nyuma, likatokea eneo la buluu kubwa kama kiganja.

Daktari alisogeza uso karibu na kompyuta.

"Sema," Inspekta alimwambia.

"Huu ni upande wa kulia wa ubongo. Panapoonekana buluu, damu inachelewa kufika. Mshipa wa shingo umebanwa, karibu kuziba."

"Pamekufa?"

"Pangekuwa pamekufa, picha ya kwanza ingekwambia. Pana njaa. Panapata damu ya kuishi, hapapati damu ya kufanya kazi."

"Na kazi yake ni nini?"

"Ubongo wa kulia ndio unaoangalia kushoto. Na si suala la macho, macho yake yanaona kuliko yako. Ni ile sehemu inayokuambia: kuna upande ule pia, geuka. Kwake haisemi. Mtu akipita kushoto kwake hamwoni, na hajui kwamba hamwoni. Ataapa kwa Mungu hapakupita mtu."

Hata baada ya kuziona zile ndevu, Inspekta alikuwa bado ameshikilia nadharia nyingine. Mzee hakuwahi kumpenda yule mkaza mwana, tangu aolewe hakumwita kwa jina, alimwita "yule." Inspekta aliamini mzee anadanganya kwa chuki, na alikuwa tayari kumbana mpaka aseme. Nadharia ile aliibwaga palepale.

"Kwa hiyo hakusema uongo."

"Alisema kweli," daktari alijibu. "Kweli ya nusu ya chumba."

"Tangu lini yuko hivi?"

"Picha haina kalenda. Waulize anaoishi nao."

Hilo ndilo aliloendea. Mzee alikuwa ameshaketishwa kwenye kiti katika chumba cha pembeni. Kitindamimba alikuwa kulia kwake, amemwinamia sikioni, na alipomwona Inspekta akajinyoosha.

"Tunaondoka. Baba amechoka."

"Haondoki," daktari alisema, akiingia nyuma ya Inspekta na kusimama upande wa pili, karibu na dada wa mashine.

"Mzee," Inspekta alisema, akivuta stuli mbele yake, "humu ndani tuko watu wangapi?"

"Unanifanya mtoto? Wewe na mwanangu. Na mimi, watatu. Basi."

"Mimi sijahesabiwa," daktari alisema.

Mzee alishtuka mpaka kiti kikalia. Alitafuta sauti ile kulia, akatafuta tena kulia. Inspekta aliona haya kumtazama, lakini kazi ni kazi. Alichukua ile karatasi ya saa, akaiweka magotini mwa mzee.

"Hii umeichora wewe?"

"Mimi. Ina nini?"

Inspekta akaigeuza karatasi juu chini. Ile nusu nyeupe ikaja kulia.

Mzee aliitazama. Kidole chake kilianza kutembea kwenye mstari wa duara, taratibu, kama kilivyozoea kupapasa vioo vya saa za watu, kikapita mahali pa namba na hakikukuta namba. Kikarudi. Kikapita tena.

"Nani kaiharibu?" aliuliza.

"Hakuna aliyeigusa. Ni mkono wako."

"Mkono wangu hauwezi."

"Jiguse shavu la kushoto, baba," daktari alisema, na safari hii sauti yake haikuwa na ukali.

Mzee alijigusa. Mvi zilimchoma vidole. Alikaa hivyo, mkono shavuni, na uso wake ulianguka wote. Inspekta alimwonea huruma, na alijua akiachia huruma itawale atakosa nafasi.

"Nyumbani kwako," alisema, "kiti chako kiko ukutani. Ukikalia, mlango wa mbele uko kulia kwako. Mlango wa jikoni uko kushoto, na wa chumba cha marehemu uko kushoto uleule. Mtu akitoka jikoni akaingia chumbani hafiki kulia kwako kabisa. Lakini sakafuni chini ya dirisha niliona alama za miguu ya kiti, za siku nyingi. Kiti kilikuwa upande ule. Ukikaa pale jikoni inakuwa kulia."

"Nilikaa dirishani miaka. Kwa ajili ya mwanga."

"Nani alikihamisha?"

Kitindamimba alimshika baba bega. "Usimjibu. Baba, nisikilize mimi. Wanataka kututenganisha. Kaka kaenda. Umebaki na nani? Umebaki na mimi tu."

Mzee alikuwa mgumu, mwenye chuki zake, na katika ile chuki Inspekta alikuwa hajaona hata mara moja mtu mwongo. Sasa alikuwa anategemea jambo hilo peke yake. Alama za kiti hazisemi mahakamani nani alikibeba.

"Ni wewe," mzee alimwambia mwanawe. "Ulisema jua la dirishani litaniharibia macho. Nikakuombea dua siku ile. Nikasema, huyu ndiye anayenijali."

"Baba..."

"Na vidonge. Nikisema vimekwisha unaniambia, basi, vinatosha. Ulikuwa unakiona kile kibao. Kila siku unakiona. Ulijua nina nini. Ukaniacha nibaki hivyo, kwa sababu nilikufaa hivyo."

Kitindamimba aliondoa mkono begani. Hakukimbia. Alirudi nyuma kidogo, akazunguka kiti, akaingia upande wa kushoto wa baba yake kwa hatua laini za mtu aliyezoea njia, akielekea mlangoni. Mzee aliendelea kumsemesha mahali alipokuwa amesimama mwanzo.

"Pale yeye hakuoni," Inspekta alisema. "Mimi nakuona. Na nimeona unavyojua pa kupita."

Askari aliufunga mlango kwa mgongo wake. Pingu zilipomshika, Kitindamimba ndipo alipopaza sauti. "Baba alimpa kaka funguo za duka la saa! Mimi ndiye niliyemwogesha, mimi niliyempikia uji, funguo kapewa yeye! Na yeye alishaanza kuulizauliza kwa nini baba anagonga milango. Alitaka amlete huku!"

"Mwondoe," Inspekta alisema, na moyoni akamshukuru kwa hayo aliyoyatoa bila kuulizwa, mbele ya mashahidi.

Mkuu wa kituo alipopigiwa simu alianza na "Unani—" na Inspekta akamkatiza. Faili la mwanamke haliendi. Liko jingine, na lina picha za rangi. Akaomba mahabusu aletwe hospitali.

"Kwa nini hospitali?"

Kwa sababu daktari wa picha alikuwa amempigia mwenzake wa mishipa, na huyo alikuwa amesema mshipa ule hauwezi kungoja. Leo una uwazi wa uzi. Ukiziba, mzee ataanguka, na safari hii mkono hautarudi. Ukifunguliwa mapema, ile buluu inaweza kupata damu yake na upande wa kushoto ukarudi. Lakini mzee alikataa kuweka saini peke yake, na daktari wa mishipa naye alitaka ndugu asimame hapo, wa kuambiwa hatari zake na wa kumchukua baadaye.

"Ndugu yako wa karibu ni nani?" daktari aliuliza.

Mzee alifikiri. Mkubwa alikuwa kaburini. Mdogo alikuwa kwenye gari la polisi, na kelele zake zilikuwa bado zinasikika uani.

"Ni yule," alisema. Kisha akajisahihisha. "Ni mke wa mwanangu."

"Yuko mahabusu," Inspekta alimwambia bila kumpunguzia. "Kwa neno lako."

"Basi nalirudisha. Andika. Sikumwona mwingine kwa sababu siwezi kuona. Andika hivyo, niweke dole gumba, saini, chochote unachotaka."

Mwanamke aliletwa mchana. Alikuwa amevaa viatu vya kuazima, nywele hazikuguswa tangu msiba, na hakulia mbele ya mtu. Inspekta alimweleza yote kwenye korido: picha, kiti, shemeji yake. Alisikiliza akiwa amesimama. Inspekta alipomaliza, mwanamke aliuliza swali moja tu, kama mumewe ameshazikwa. Ameshazikwa. Akatikisa kichwa.

Daktari wa mishipa alimweleza hatari: damu kuvuja, kiharusi mezani, hata kifo. Mzee alikuwa kitandani, amevikwa nguo za upasuaji, anamtazama.

"Mwanangu," alimwita. Hakuwahi kumwita hivyo. "Mwanangu, nimekukosea. Mimi..."

"Nyamaza, baba," alisema mwanamke, na adabu ya lile neno "baba" ilikuwa baridi kuliko tusi. Akamgeukia daktari. "Mkishaufungua huo mshipa, atakuwa na akili zake zote?"

"Anazo hata sasa. Anakuelewa vizuri."

"Sasa ni mgonjwa. Mgonjwa husamehewa." Alichukua kalamu, akaweka saini, akamrudishia. "Mtibuni apone kabisa. Nina maneno naye."